Akseli Gallen-Kallela, Mchoraji wa Theluji

Mara nyingi kurasa kama hizi husimulia maisha ya maaskofu, wamisionari na mashahidi wa imani. Safari hii twawaletea maisha ya mtu ambaye hakuwa padre wala mwinjilisti. Alikuwa mchoraji wa picha, mwenyeji wa Ufini, nchi iliyo kaskazini kabisa ya Ulaya, naye alifariki mwaka 1931. Tumemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, aliwahi kukaa Afrika Mashariki pamoja na mkewe na watoto wake, katika nchi jirani ya Kenya. Ya pili, alipatwa na msiba ambao wengi wetu hapa Musoma, Bunda na Butiama twaujua: alifiwa na mtoto hali yeye hayupo nyumbani. Jinsi alivyouchukua msiba huo, na jinsi picha ya theluji ilivyoingia katika maombolezo yake, ndiyo habari tunayotaka kuisimulia.

Sisi wa Mara hatuijui theluji. Twaijua mvua ya mawe ipigayo mabati na kulaza mtama, na twaijua baridi ya asubuhi upepo unapotoka ziwani. Theluji twaisoma katika Biblia. Zaburi ya 147 yaitaja, na nabii Isaya aliifanya kuwa mfano wa dhambi zilizosafishwa. Watoto darasani walikuwa wakituuliza theluji ikoje. Tuliwaonyesha udaga ulioanikwa juu ya mwamba, mweupe unaoumiza macho wakati wa jua, tukawaambia wafikiri kwamba mashamba yote, miti yote na mapaa yote yamefunikwa hivyo, si siku moja bali miezi mingi, na ziwa limekuwa gumu hata watu wanavuka kwa miguu. Walicheka wakadhani twawatania. Lakini ndivyo ilivyo katika nchi aliyozaliwa mtu huyu.

Alizaliwa tarehe 26 Aprili 1865 katika mji wa Pori, karibu na bahari, akapewa jina la Axel Gallén. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali, wala hakupenda mwanawe awe mchoraji. Alimpeleka shule mjini Helsinki ili apate elimu ya kumfaa maishani. Wazazi wa namna hiyo twawajua, na sisi walimu pengine tumewasaidia kuwakataza watoto. Baba alifariki mwaka 1879. Mwaka 1881 kijana aliingia shule ya kuchora, na mwaka 1884 akaenda Paris, Ufaransa, kuendelea na masomo.

Wakati ule Ufini haikuwa nchi huru. Ilikuwa chini ya Mfalme wa Urusi, na watu wengi wenye elimu walizungumza Kiswidi. Kifini kilihesabiwa na wengi kuwa lugha ya wakulima tu. Mwaka 1835 mganga mmoja, Elias Lönnrot, alikuwa amechapa nyimbo za wazee alizozikusanya vijijini, na kitabu hicho chaitwa Kalevala. Gallén, ingawa alilelewa kwa Kiswidi, alikipenda kitabu hicho akaamua kuzichora hadithi zake ili Wafini wajione wenyewe na kujiheshimu. Watu wa Butiama hawatashangaa kusikia hayo, maana Mwalimu Nyerere naye alizitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, akatuonyesha kwamba lugha yetu haishindwi na jambo lolote. Baadaye, mwaka 1907, mchoraji huyu alilibadili hata jina lake liwe la Kifini, akaitwa Akseli Gallen-Kallela. Kwa jina hilo ndivyo ajulikanavyo mpaka leo.

Mwaka 1890 alimwoa Mary Slöör. Mwaka uliofuata walipata mtoto wa kike, wakamwita Marjatta. Akseli alipenda kukaa mbali na mji. Huko Ruovesi, katikati ya misitu, kando ya ziwa, alijenga nyumba ya magogo aliyoichora mwenyewe, akaiita Kalela. Alichora katika majira yote, hata yale ya baridi kali. Mwaka 1893 alichora maporomoko ya Imatra wakati wa baridi. Katika picha ile kingo za mto zimejaa theluji, lakini maji yenyewe yakataa kuganda. Yaruka na kufoka katikati ya weupe. Ukiitazama waona mtu mwenye nguvu, mwenye nyumba na mke na mtoto, ambaye baridi haimwogopeshi.

Kisha ukaja mwaka 1895. Akseli alikuwa Berlin, Ujerumani, ambako picha zake zilionyeshwa pamoja na zile za Edvard Munch, mchoraji mashuhuri wa Norway. Ilikuwa heshima kubwa kwa kijana wa nchi ndogo. Akiwa huko alipata habari kwamba Marjatta amefariki kwa ugonjwa wa dondakoo. Mtoto alikuwa hajatimiza hata umri wa kuanza shule.

Wasomaji, wengi wenu mlio vijana hamjapata kumwona mtoto mwenye dondakoo, nanyi mshukuruni Mungu kwa hilo. Ni ugonjwa wa koo. Utando mzito hujijenga kooni hata mtoto akashindwa kuvuta pumzi, na sumu ya ugonjwa huingia moyoni. Zamani uliua watoto wengi mno katika nchi zote. Mjini Berlin humo humo, mwaka 1890, wataalamu wawili, Emil Behring na Kitasato Shibasaburo, walikuwa wamegundua njia ya kuipinga sumu ya ugonjwa huo, na dawa ilikuwa imeanza tu kutengenezwa. Baba alikuwa katika mji ule ule ilikoanzia tiba, na mtoto wake akafa kwa ugonjwa ule ule. Siku hizi chanjo ya dondakoo hutolewa katika zahanati zetu mtoto afikishapo wiki 6, kisha 10, kisha 14. Akina mama, tusiache hata moja.

Akseli alirudi nyumbani, wala hakuwa tena mtu yule wa kwanza. Wengi walioandika juu yake wasema kwamba picha zake zilibadilika tangu mwaka huo. Mistari ikawa mikali, na mauti yakawa jambo analolirudia. Mwaka 1897 alichora picha ya mama wa Lemminkäinen, kutoka katika hadithi za Kalevala. Mama ameketi ukingoni mwa mto wa kuzimu, na mwanawe amelala maiti mbele yake. Ameviunganisha viungo vya mwanawe vilivyokuwa vimetawanyika, sasa anatazama juu akingoja nyuki amletee dawa kutoka mbinguni. Uso wa mama huyo Akseli aliuchukua kwa mama yake mwenyewe. Kila Mkristo aionaye picha ile humkumbuka Mariamu na mwili wa Bwana wetu chini ya msalaba. Mungu aliwajalia Akseli na mkewe watoto wengine wawili, Kirsti mwaka 1896 na Jorma mwaka 1898. Lakini mtoto hawi badala ya mtoto mwenziwe, jambo ambalo kila mama wa hapa kwetu alijua bila kufundishwa na mtu.

Sasa twafika penye kiini cha habari yetu. Katika mji ule wa Pori aliishi tajiri mmoja, Fritz Arthur Jusélius, ambaye alikuwa na binti aitwaye Sigrid. Mwaka 1898 Sigrid alikufa kwa kifua kikuu, umri wake miaka 11. Baba aliamua kumjengea binti yake kaburi kubwa kama kanisa dogo, katika makaburi ya mji. Akatafuta mchoraji wa kupamba kuta zake, akamwita Gallen-Kallela. Basi baba aliyefiwa na binti alimwajiri baba mwingine aliyefiwa na binti.

Kazi ile ilifanyika kati ya mwaka 1901 na 1903. Haikuwa kazi rahisi. Picha za ukutani za namna ile huchorwa juu ya lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi, ili rangi iingie ndani na kukauka pamoja na ukuta. Mchoraji hupiga lipu kiasi cha kazi ya siku moja tu, naye sharti amalize kabla haijakauka. Akikosea, hubandua akaanza tena. Akseli alikuwa amejifunza ufundi huo Italia. Siku baada ya siku alisimama juu ya jukwaa ndani ya kaburi la mtoto wa mwenziwe, na katika kila picha aliyoiweka pale alikuwa akimwombolezea Marjatta vilevile.

Alichora nini? Alichora watu wakijenga nyumba, na watu walio ukingoni mwa mto wa kuzimu. Alichora pia majira ya mwaka. Mojawapo ni picha aliyoiita Majira ya Baridi. Mchoro wa kwanza wa picha hiyo, wa mwaka 1902, umehifadhiwa katika jumba la picha la taifa mjini Helsinki. Hamna jambo kubwa ndani yake. Ni msitu tu, na miti imeelemewa na theluji. Hakuna mtu anayelia. Theluji imelala juu ya matawi kama shuka nzito iliyotandazwa kwa upole, na kimya kimejaa kote.

Ilinganisheni picha hiyo na ile ya Imatra. Miaka 9 tu imepita kati yake. Katika ile ya kwanza baridi ni adui na maji yapigana nalo. Katika hii ya pili hakuna vita tena. Sisi tuonavyo, mtu huyu hakupenda kumdanganya baba mwenziwe. Hakuchora maua peke yake ukutani akasema mtoto hakufa. Aliiweka baridi mahali pake, kati ya majira mengine, kwa sababu baridi ni kweli. Lakini kila mtu wa Ufini ajua jambo ambalo sisi hatulijui, yaani kwamba theluji huihifadhi mbegu. Chini ya theluji ardhi haipatwi na baridi kali kama ile iliyo juu, na nafaka iliyopandwa kabla ya majira ya baridi hulala humo salama hata theluji itakapoyeyuka. Aliyeweka picha ile juu ya kaburi la mtoto alikuwa akisema kwamba mtoto amefunikwa, hakutupwa.

Miaka michache baadaye, mwaka 1904, aliugua malaria katika safari ya Hispania. Naam, ugonjwa huu wetu. Aliporudi alikwenda kujiuguza karibu na ziwa liitwalo Keitele, akalichora mara nne. Picha moja kati ya hizo imo sasa katika jumba kuu la picha mjini London. Mtu wa Musoma akiiona hatahitaji maelezo, maana ni mistari ile ile ya kijivu na fedha ambayo upepo huiandika juu ya Ziwa letu wakati wa asubuhi kabla mitumbwi haijarudi.

Mwaka 1909 alifunga safari na mkewe, Kirsti na Jorma, wakashuka Mombasa na kupanda gari la moshi hadi Nairobi. Reli hiyo ilikuwa imefika Kisumu, kwenye ukingo wa Ziwa hili hili, miaka 8 kabla yao. Walikaa Kenya zaidi ya mwaka mmoja. Tuseme ukweli wote: alikuja kama walivyokuja Wazungu wengine wa siku zile, wakati wenyeji wakinyang'anywa ardhi yao, naye aliwinda wanyama wengi kwa bunduki. Hatumfanyi malaika. Lakini alichora picha zaidi ya 150, za watu, za nyika na za wanyama, kwa rangi kali alizokuwa hajazitumia kwao. Jua lilimwonyesha rangi mpya. Hata hivyo, mtu aliyekuja maelfu ya maili alikuta theluji imemtangulia. Katika picha zake za hapa umo mlima Kenya. Kwao theluji hushuka mpaka mlangoni mwa nyumba. Hapa ilikaa juu, mbali, karibu kabisa na mstari wa ikweta, nalo jua likiiwakia. Pengine ilimfaa mtu wa huzuni kuiona theluji kwa namna hiyo mara moja maishani mwake.

Habari za miaka iliyobaki twazifupisha. Alirudi kwao akajenga nyumba nyingine, Tarvaspää, karibu na Helsinki, ambayo leo ni makumbusho yake. Ufini ilipata uhuru tarehe 6 Desemba 1917. Alikaa Marekani miaka kadhaa. Mwaka 1928 alichora tena hadithi za Kalevala katika dari ya Makumbusho ya Taifa. Tarehe 7 Machi 1931, akiwa safarini mjini Stockholm, alifariki kwa nimonia, umri wake ukiwa miaka 65.

Na zile picha za kaburini, je? Hazikudumu. Unyevu uliingia kutani na rangi zikaanza kuharibika hata kabla mchoraji hajafariki. Kazi yote ile ya machozi iliharibika mbele ya macho yake. Baada ya kifo chake, katika miaka ya 1930, mwanawe Jorma, ambaye naye alikuwa mchoraji, alizichora upya akifuata michoro ya baba yake. Ndugu akapanda jukwaa lile lile kuchora kwa ajili ya dada ambaye hakupata kumwona, kwa kuwa alizaliwa Marjatta amekwisha kufa. Mwezi Desemba 1939 Jorma aliuawa vitani. Vita vile Wafini wenyewe huviita Vita vya Majira ya Baridi. Picha alizozirudishia uhai ndizo waonazo watu waendao Pori leo.

Mzee Jusélius naye alifariki mwaka 1930. Katika wasia wake aliacha mali yake iwe mfuko wa kusaidia uchunguzi wa magonjwa, kwa jina la Sigrid. Mfuko huo wafanya kazi mpaka sasa.

Ndugu wapenzi, twajifunza nini? Sisi tuliofundisha shule za msingi tulikuwa tukiita majina kila asubuhi. Ilitokea mara kwa mara jina moja halikuitikiwa, na wenzake wakainamisha vichwa, ndipo tukajua. Ilitupasa kupiga mstari juu ya jina lile kwa kalamu nyekundu na kuendelea na la pili. Tukaendelea na hesabu, kana kwamba hakuna kilichotokea. Tulidhani huo ndio ujasiri. Leo tukikumbuka twaona tuliwanyima watoto wale kimya walichokihitaji.

Kanisani pia twafanya hivyo. Mtoto akifa, mazishi huwa mafupi. Tunamwambia mama asilie sana kwa kuwa bado ana nguvu na Mungu atampa mwingine. Tunamwambia baba aliyekuwa kwenye kambi ya uvuvi visiwani, au kwenye machimbo ya dhahabu Nyamongo, kwamba asijilaumu, kisha tunaenda zetu. Naye anajilaumu vilevile, peke yake, miaka mingi. Akseli alihitaji miaka 6 kabla ya kuishika kazi ile ya Pori, na alipoishika hakuifanya peke yake. Aliifanya pamoja na baba mwingine aliyejua kile anachokijua yeye. Basi tusiwaharakishe waliofiwa. Tuwape majira yao. Na wewe uliyepitia msiba huo, mtafute mwenzako aliyepatwa na jambo kama lako, ukae naye hata bila maneno.

Tena twatoa pendekezo moja. Makaburi ya watoto katika miji yetu huwa madogo, hayana saruji wala jina, na baada ya mvua chache migomba huyafunika. Tarehe 2 Novemba ni siku ya kuwakumbuka marehemu wote waaminio. Mwaka huu kila mzazi, hata kama ni bibi wa miaka 80, amletee katekista jina la mtoto aliyemzika, awe aliishi miaka 10 au siku 1. Majina hayo yasomwe polepole katika ibada, na baada ya kila jina tunyamaze kidogo. Yakishasomwa yaandikwe katika kitabu cha parokia, ili wajukuu wetu wayakute.

Mungu wetu ndiye mwenye majira yote. Awafunike watoto wetu waliolala mpaka siku ile ya kuamka, na awafariji walio hai. Amina.